Upepo wa Kukaushia Kiti

Jumatano, tarehe 11 Februari 2026. Asubuhi mawingu mepesi, jua linatoka na kujificha, upepo hakuna kabisa.

Niliyaandika hayo kwa chaki kwenye mlango wa stoo yangu, maana mwalimu wetu wa jioni, Gody, ametufundisha kwamba fundi hafungui kopo la vanishi kabla hajaandika tarehe na hali ya hewa. Vanishi, anasema, inakaushwa na Mungu, wewe kazi yako ni kuipaka tu. Katika yote aliyotufundisha, hilo ndilo nililolipenda zaidi. Mimi ni mtu wa sala, na nilifurahi kusikia kwamba sehemu ngumu ya ufundi ina mwenyewe.

Nina miaka hamsini na minane. Mke wangu alifariki zamani, binti yetu Sara ameolewa, na mimi nimebaki hapa Nyasho, karibu na ziwa, nikiuza nyavu na kamba mchana na kwenda darasani jioni. Useremala ndio darasa langu la nne. Nilianza na Kiingereza, nikaacha tulipofika kwenye mambo yaliyopita. Nikaingia kompyuta, nikajifunza kuiwasha, umeme ukakatika, na uliporudi mimi sikurudi. Udereva niliacha siku ya kurudi nyuma. Kila darasa nililiingia kwa novena na kulitoka kimya kimya. Jumuiya yetu nzima ya kanisani inajua, na Hyasinta anajua, kwa hiyo na familia yake inajua.

Hyasinta ni mjane, anauza vitenge sokoni Bunda. Tulikutana kwenye semina ya wanakwaya, yeye akiwa mwimbaji, mimi nikiwa mbeba viti. Nilipomwambia nataka kumwoa, alicheka kwanza, halafu akakubali, halafu akaniambia kwamba yeye kukubali si kazi. Kazi iko Butiama, kwa mama yake.

Mama Benedikta ana kiti. Ni kiti cha mninga, chenye mikono miwili na mgongo mrefu. Marehemu mumewe alikitengenezesha Kiabakari enzi za mgodi, akampa siku ya ndoa yao. Posa za mabinti zake wote amezipokea akiwa amekaa kwenye kiti hicho, na ana namna yake ya kuzijibu.

"Mama huwaga hasemi hapana," Hyasinta aliniambia. "Anainukaga. Akiinuka kabla hajajibu, mmekwisha. Mnakula, mnaaga, mnarudi kwenu."

Alimwinukia mtu mmoja mwenye malori mawili aliyekuja kumposa dada yake. Mimi sina hata baiskeli.

Basi siku nilipokwenda kujitambulisha, nilikiona kile kiti. Kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani miaka ya nyuma, na rangi ilikuwa inabanduka kama ngozi ya mtu aliyetoka hospitali. Mtu mwenye akili angekunywa chai akanyamaza. Mimi nilikuwa na miezi mitatu ya useremala kichwani. Nilisema, bila kuulizwa, kwamba nitakichukua, nitakikwangua, nitakipaka vanishi, na nitakirudisha siku ya posa kikiwa kama kimetoka kwa fundi jana. Hyasinta alinifinya chini ya meza. Alichelewa.

Mama Benedikta aliweka kikombe chake chini. "Chukua," alisema. "Lakini usikisahau, maana mimi sipokei posa nimekaa kwenye plastiki."

Posa ilipangwa Jumamosi ya tarehe 14. Jumatano inayofuata ilikuwa ya Majivu, na Mama Benedikta haruhusu mambo ya posa nyumbani kwake wakati wa Kwaresima. Nikikosa Jumamosi hiyo, ni mpaka baada ya Pasaka, na Hyasinta alikuwa ameniambia wazi kwamba mtu aliyeshindwa kurudisha kiti kabla ya Kwaresima hatasubiriwa mpaka Pasaka. Hakuwa anatania. Nilijaribu kucheka, akaniacha nicheke peke yangu.

Kukwangua kulikwenda vizuri, hilo naomba lihesabiwe. Nilitumia kipande cha kioo, jinsi Gody alivyotuonyesha, halafu msasa mgumu, halafu msasa laini. Nilikuwa nakwangua huku nasali rozari, fungu moja kwa kila mguu na la tano kwa mgongo. Kijani kikatoka, na chini yake mninga ukajitokeza mwekundu, una mistari kama maji yanayotembea. Nilikaa chini nikakitazama. Nilimshukuru Mtakatifu Yosefu, seremala mwenzangu. Ndiyo, nilimwita hivyo.

Jumatano ile, basi, nikafungua kopo. Nilikipaka kiti nje uani, mkono wa kwanza wa vanishi, kikang'aa mpaka nikajiona. Kisha nikakaa kusubiri, na kusubiri ndiko ambako mimi na Mungu huwa tunashindwana. Jua likawa linajificha. Hewa ilikuwa imesimama. Kila nilipogusa kwa kidole, kidole kilirudi na vanishi.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mimi nimezaliwa Murangi, kando ya ziwa. Hakuna mtoto wa Murangi asiyejua ule moshi mweusi unaosimama juu ya maji asubuhi ambazo mwezi umeisha. Mgeni anadhani ni mvua, au kuna meli inaungua. Sisi tunajua ni vidudu, vile vidogo vya ziwani, mamilioni kwa mamilioni, vinavyopanda juu kama nguzo na kungoja upepo uvipeleke popote. Upepo ukiwa hakuna, vinabaki huko huko ziwani na kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Nguzo hiyo nilikuwa naiona. Ilikuwa imesimama juu ya maji, mbele ya macho yangu, tangu nilipokuwa nakoroga vanishi. Mtu wa Bunda angesamehewa. Mimi niliiona, nikasema moyoni, leo vidudu ni vingi, halafu nikazunguka nyuma ya stoo, nikapiga magoti na kumwomba Mungu alete upepo.

Aliuleta hata kabla sijasema amina. Niliusikia kwenye mabati, nikausikia shingoni, nikabaki nimefumba macho nikishukuru kwa maneno mengi, maana sala zangu huwa hazijibiwi haraka hivyo na nilitaka kuonyesha kwamba nimetambua. Niliomba upepo. Sikutaja utoke upande gani.

Nilipofumbua macho, vidudu vilikuwa vimefika Nyasho. Vilikuwa kwenye nywele, kwenye masikio, kwenye kikombe changu cha chai. Nilikimbilia kwenye kiti. Mninga haukuonekana tena. Kiti kizima kilikuwa cheusi, na weusi huo ulikuwa unatembea, halafu ukawa hautembei, kwa sababu vanishi ilikuwa imeushika.

Kabla sijaamua la kufanya, kuku wa jirani yangu Mama Happyness walifika. Kuku wanavipenda vidudu hivyo kiasi gani, sina haja ya kueleza. Jogoo alipanda kwenye kiti cha Mama Benedikta akaanza kudonoa mgongo, na wenzake wakachukua miguu. Nilipowafukuza, kila mmoja aliondoka na vanishi miguuni, na jogoo aliacha alama ya unyayo katikati ya kikalio, safi kama mhuri.

Mama Happyness alitokea kwenye ua akijifunika kanga puani. Aliangalia kuku wake, akaniangalia mimi, akaangalia kiti.

"Baba Sara," alisema, "hicho ni kiti, au umeanza kuanika dagaa?"

Nilimpigia simu mwalimu Gody. Nilimweleza yote. Akasema samahani kidogo, akakata simu. Baada ya muda akanipigia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kufuta machozi. Alinielekeza vizuri sana. Niache vanishi ikauke kabisa. Nipige msasa kiti chote mpaka mti uonekane. Nipake tena nyembamba, niache siku nzima, ndipo nipake ya pili, nyembamba vilevile. Neno nyembamba alilirudia mpaka nikamwambia nimesikia.

Nilikuwa nimesikia kweli. Shida yangu haijawahi kuwa masikio.

Alhamisi nilianza msasa vanishi ikiwa bado haijakauka, ikajikunja kama gundi. Miguu na mikono niliisafisha nikafanikiwa. Kikalio nacho, unyayo wa jogoo ukatoka. Lakini mgongo una nakshi juu, vishimo vidogo vidogo alivyochonga fundi wa Kiabakari, na humo vidudu vilikuwa vimejaa na havikutoka kwa msasa, wala kwa sindano, wala kwa mswaki wangu. Ijumaa nikafanya hesabu ya muda na kuona hautoshi kwa mikono miwili myembamba ya vanishi. Basi nikapaka mmoja mnene. Niliupaka mnene hasa pale mgongoni, nikivizika vile vilivyobaki, na nusura nivisalie sala ya marehemu. Nikakiingiza kiti ndani, nikafunga madirisha yote. Vidudu havikuingia, na hewa haikuingia vilevile.

Hyasinta alipiga simu kutoka Butiama, alikokuwa amekwenda mapema kumsaidia mama yake kupika. Aliuliza kama kiti kimekauka. Nilimwambia kinaendelea vizuri, jibu ambalo ndugu wa mgonjwa hupewa mlangoni.

Kabla ya kulala nilisali mbele ya kiti. Sikuomba tena hali ya hewa. Niliomba jambo moja tu, kwamba mama akae kwenye kiti hicho na asiinuke mpaka awe amejibu. Nililisema mara kadhaa, polepole, ili safari hii pasiwe na utata.

Jumamosi tulikodi gari dogo, mimi na mshenga wangu Stanislausi, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu mwenye heshima na ulimi mtamu. Kiti tulikifunga juu ya gari. Kilisafiri kikitazama nyuma, kimenyooka kama askofu, na watoto wa Bweri walikipungia mkono. Mimi nilikuwa natumaini kwamba upepo wa barabarani utamalizia kazi. Tulipofika njia panda tukashuka kukaza kamba, Stanislausi akashika mkono wa kiti, kisha akaangalia kiganja chake. Alikifuta kwenye koti langu.

Butiama tulipokelewa vizuri. Kaka yake Hyasinta, Leonardi, ndiye msemaji wa familia, mtu wa ng'ombe na maneno machache. Alisaidia kushusha kiti, akakizunguka, akasema mti kumbe ulikuwa mwekundu hivi. Hyasinta alitoka jikoni, akaona ule wekundu, na sura yake ilifunguka kwa namna ambayo ningeweza kuiishi miaka yote iliyobaki. Nilisimama mahali ambapo mwili wangu unaziba mgongo wa kiti.

Mama Benedikta akatoka amevaa gauni jipya la kitenge, la kutoka kwenye meza ya Hyasinta. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia. Alikitazama kiti chake, akapitisha kiganja hewani juu yake bila kukigusa, kisha akakaa. Nilitoa pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu Nyasho.

Stanislausi alizungumza vizuri. Alianza na Mungu, akaja kwenye jumuiya, akaja kwangu, akanieleza mpaka nikatamani kukutana na huyo mtu. Mama alikuwa anasikiliza huku ameegemea. Mkono wake ukapanda taratibu nyuma ya kichwa, ukafika kwenye nakshi, na hapo vidole vikaanza kutembea kama vya mtu anayechambua mchele.

"Hivi vinundu ni nini?" aliuliza.

Stanislausi hakusita hata kidogo. Alisema ni urembo, mama, mtindo mpya wa mjini.

Mama hakumwangalia. Aliniangalia mimi. "Wewe mtu wa ziwa. Ni nini?"

Nilimtazama Hyasinta. Alikuwa ameshika sinia la soda na alikuwa ameshajua, kama anavyojua siku zote. Basi nikasema ukweli. Nilieleza kuhusu chaki na mlango, moshi juu ya maji, sala nyuma ya stoo, kuku wa Mama Happyness, msasa, na mkono mnene wa Ijumaa. Nilieleza mpaka unyayo wa jogoo, ambao hakuna aliyekuwa ameuuliza. Hakuna aliyecheka. Ng'ombe mmoja alilia huko nyuma.

"Hilo wingu la vidudu," Mama Benedikta aliuliza, "ulikuwa unaliona?"

"Nilikuwa naliona, mama."

"Ukaomba upepo."

"Niliomba, mama."

Leonardi alikohoa. Alisema, si kwa ubaya, kwamba familia inataka kujua tu, maana wamesikia huyu shemeji mtarajiwa alianzaga Kiingereza, akaanza kompyuta, akaanza gari, na sasa ameanza kiti. Wao wanataka kujua kama na huyu dada yao ataanzwa vizuri hivyo hivyo. Nilitafuta sala fupi sikuipata, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Mama Benedikta akaweka viganja vyake juu ya mikono ya kiti. Hyasinta aliliweka sinia chini. Hakuwa analia, alikuwa amefumba macho tu, kama mtu anayengojea sindano. Mama akajiinua.

Kiti kikainuka naye.

Kiliinuka miguu ya nyuma kwanza, kikabaki kimemshika gauni kuanzia mabegani mpaka chini. Alisimama nusu, ameinama, akageuza shingo kuona nini kinamfuata. Kisha akaketi kwa kishindo. Akapumzika. Akajaribu tena, polepole, upande mmoja kwanza kisha mwingine, na tukasikia sauti ya kitambaa kinachokataa kubanduka. Akaketi tena. Wote tulikuwa tunatazama chini. Leonardi aliondoka haraka akaenda nyuma ya nyumba, na huko tukamsikia akicheka.

Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti mbele yake, nikitaka kusaidia kukibandua kitambaa.

"Usiniguse," alisema. "Kaa hapo hapo chini, nikuone."

Nikakaa. Alinitazama, kisha akatazama uwanja, kisha akatazama mikono ya kiti ilivyong'aa.

"Mimi nilishainuka," alisema. "Mjue hivyo wote. Nilishainuka. Kiti ndicho kimekataa."

Hyasinta alifumbua macho. Leonardi alirudi akijifuta uso kwa mkono wa shati, akasimama nyuma ya Stanislausi.

"Baba yenu aliponipa kiti hiki," Mama Benedikta akaendelea, sasa akimwambia Hyasinta, "kilikuwa na msumari umejitokeza hapa kwenye mkono. Ulinichania nguo siku ile ile ya harusi. Akasema ataupiga kesho. Nilikaa na msumari wake mpaka nikazaa mtoto wa pili." Aligusa mahali pale kwa kidole, na kidole kikanata, akakivuta. "Lakini aliupiga."

Akanigeukia. Alisema kiti hakirudi Nyasho tena, maana Nyasho iko karibu mno na majibu ya sala zangu. Kitabaki Butiama, ambako hakuna ziwa. Nitakuwa nakuja mwenyewe na msasa wangu, nitakikwangua uwanjani pake, yeye akiona, mpaka kazi iishe. Posa ameipokea. Lakini ndoa itakuwa siku atakayokaa kwenye kiti hiki na kuinuka mwenyewe bila kuombewa msaada.

"Sasa liseme hilo," alisema. "Kwa sauti, wasikie. Na huyo mwenye ulimi mtamu asikusaidie."

Nilibaki nimepiga magoti, kwa sababu hakuna aliyeniambia niinuke. Mbele yangu alikuwa mama aliyeshikwa na kazi yangu, kulia kwangu Leonardi, kushoto Stanislausi aliyefutia vanishi kwenye koti langu, na Hyasinta amesimama karibu kabisa. Sikufumba macho. Nilimwona kila mmoja.

"Mimi, Bonifasi Magesa," nikasema, "naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu wote, kwamba nitakikwangua kiti hiki hapa hapa, na nitakipaka vanishi upya."

"Nyembamba," alisema Hyasinta.

"Nyembamba. Nitaipaka nyembamba, nitaisubiri ikauke, nitapaka tena, na sitaanza kitu kingine chochote mpaka mama akae na kuinuka mwenyewe."